Jasho Tu

DADA: Haloo? Namba hii siijui. Nani mwenzangu?

FUNDI: Namba huijui, na sauti je?

DADA: Mdogo wangu? Mbona namba ngeni, umeibiwa—

FUNDI: Sijaibiwa. Simu mpya, laini mpya. Mume wangu kaninunulia juzi. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Ngoja kwanza. Shemeji huyu huyu? Ambaye ukimwomba uzi wa kushonea anauliza wa jana umeupeleka wapi?

FUNDI: Huyo huyo. [anacheka] Siku hizi si yeye. Ananinunulia vitu. Ananiuliza nimechoka. Juzi kaosha vyombo, nikamtazama nikadhani anaumwa.

DADA: Makubwa.

FUNDI: Nakwambia. Hebu sub— [mtandao unakwaruza] —nasikia?

DADA: Unakatika. Sogea dirishani.

FUNDI: Dirisha nimelifunga. Kuna moshi huko nje, upande wa ghalani. Majirani wote wamefunga, na yule mama wa ghorofa ya juu kajiziba pua na mkono wa blauzi.

DADA: Harufu imeingia mpaka ndani?

FUNDI: Unaniuliza mimi?

DADA: [anacheka kidogo] Nisamehe. Nimezoea kuongea na watu wenye pua.

FUNDI: Pua ninayo, ya pambo. Wao wamefunga, na mimi nikafunga. Ndiyo maisha yangu, si unayajua. Aah—

DADA: Nini?

FUNDI: Nimejichoma sindano. Kidole hiki hiki kila siku. Nashona huku naongea, nina suruali ya mtu lazima iishe leo.

DADA: Weka suruali chini. Hupigi simu bila sababu, wewe huwa unatuma ujumbe. Kuna nini?

FUNDI: Kuna Jumapili.

DADA: Jumapili imefanyaje?

FUNDI: Ulikuja, ukakaa, tukacheka. Mvua ikaanza, ukaniuliza kitu cha kujifunika utoke uani, nikakwambia tafuta kwenye kapu la viraka. Ukarudi umepauka. Chakula hukumaliza. Mume wangu alipoingia ukabeba mkoba ukaondoka na mvua yako.

DADA: Nilikuwa na kichwa.

FUNDI: Kichwa unacho kila siku.

DADA: Kiliniuma, mdogo wangu. Watu wanaumwa vichwa.

FUNDI: Dada. Ulinusa nini nyumbani kwangu?

DADA: Tuyaache hayo. Hiyo simu mpya ina kamera?

FUNDI: Usinizungushe. Tangu Jumapili nimepiga deki mara mbili kwa siku. Nimemwaga dawa chooni mpaka macho yanawasha. Nimejinusa kwapa, mimi, hebu fikiria. Nimejiambia labda nanuka mimi, na mume wangu anavumilia tu. Labda ndiyo maana ananionea huruma na kuninunulia simu.

DADA: Hunuki, mdogo wangu. Wewe hunuki kabisa.

FUNDI: Basi nini?

DADA: Niache kwanza.

FUNDI: Tuna ahadi, mimi na wewe. Tangu tukiwa wadogo, mama alipotuambia mtu yeyote asijue, kwamba binti asiyesikia harufu ataitwa mchafu na hataolewa. Ukakaa karibu yangu kila mahali. Ukinigonga mara moja, kinanukia, natabasamu. Mara mbili, kinanuka, nakunja uso. Hukunidanganya hata siku moja.

DADA: Siku moja nilichelewa kugonga, ukasifia maua ya plastiki harusini.

FUNDI: Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka nikidhani nimefanya utani. Mpaka leo, ujue, mtu akigonga meza mara mbili uso wangu unajikunja wenyewe. Wiki jana mteja kagonga, nimekunja uso, kadhani nimekataa kazi yake. Basi nigongee, dada. Jumapili ulinusa nini?

DADA: [mtandao unakwaruza] ...mfuko mweusi.

FUNDI: Mfuko gani? Rudia.

DADA: Kwenye kapu la viraka, chini kabisa, kuna mfuko mweusi wa plastiki umefungwa fundo. Niliufungua. Ndani mna koti la shemeji.

FUNDI: Lile la zipu mbovu. Nililiweka hapo ili nilitie zipu, nikasahau. Lina nini?

DADA: Petroli.

FUNDI: Petroli ya gari?

DADA: Ya gari, ya pikipiki, petroli ni petroli. Koti lilikuwa limekauka zamani, lakini mfuko ulikuwa umefungwa vizuri. Nilipofungua, machozi yalinitoka.

FUNDI: Labda alijimwagia kazini.

DADA: Kazini ni ghala la magodoro. Wewe mwenyewe uliniambia mle hawaruhusu hata kiberiti. Hata mlinzi alikuwa anatoka kuvutia sigara barabarani.

FUNDI: Ndiyo, lakini—

DADA: Lile koti uliliweka kwenye mfuko lini?

FUNDI: Jioni moja tu. Alirudi kutoka kazini, akavua shati na koti, akavitupa kwenye beseni. Shati lilikuwa na doa la masizi begani, nikalifua. Koti halikuwa na doa. Mimi nafua kwa jicho, unajua, nisipoona uchafu sifui. Nikaona zipu imeng'oka, nikalitoa kwenye beseni nikaliweka na viraka.

DADA: Jioni ipi?

FUNDI: Ngoja nikumbuke.

DADA: Mdogo wangu. Jioni ipi?

FUNDI: Ile ghala lilipoungua.

DADA: Mwanamke mwingine yeyote angelifua hilo koti kabla ya shati.

FUNDI: Dada, mimi nilimwambia yule mpelelezi—

DADA: Najua ulichomwambia.

FUNDI: Alikaa kwenye kigoda changu cha kushonea. Akaniuliza, mama, ulipolifua shati la mumeo jioni ile, lilikuwa na harufu gani? Nikasema, jasho tu, afande.

DADA: Kwa nini hukumwambia ukweli? Kwamba hujawahi kusikia harufu tangu uzaliwe?

FUNDI: Na mume wangu amesimama mlangoni? Hajui, dada. Miaka yote hii ya ndoa hajui. Mdomo ulijibu wenyewe. Nimejibu hivyo maisha yangu yote. Mboga inanukia? Sana. Umesikia hiyo harufu? Mbaya mno. Shati la mwanamume lilikuwa linanuka nini? Lingenuka nini jamani kama si jasho? Nikaona ni uongo mdogo, haumgusi mtu.

DADA: Umemgusa mlinzi aliyekamatwa kwa moto ule.

FUNDI: Suruali ninayoshona ni yake.

DADA: Ya mlinzi?

FUNDI: Mkewe kaileta jana. Avae kesho mahakamani. Amekonda huko alikofungiwa, nimepunguza kiuno, mkewe katazama, kasema punguza tena. Alinishukuru, dada. Alinishika bega akaniombea heri.

DADA: Na kesho wewe unaitwa.

FUNDI: Naitwa kurudia maneno yangu. Mimi na yule mama wa kibanda cha chai kando ya ghala. Yeye anasema alimwona mume wangu akiingia ghalani na dumu jioni ile. Watu wanasema ana kisasi, kwa kuwa mume wangu aliwahi kumfukuza pale. Ni neno lake na neno langu tu.

DADA: Na wanalisadiki lipi?

FUNDI: Langu. Mke anayefua nguo ndiye anayejua, ndivyo alivyosema mpelelezi. Unajua alipoondoka mume wangu alifanya nini? Alinishika mikono yote miwili. Akasema, mke wangu, leo nimejua kwamba nimeoa. Machozi yakamlengalenga. Nikadhani ni mapenzi.

DADA: Mdogo wangu.

FUNDI: Alidhani nimenusa.

DADA: Ndiyo.

FUNDI: Alidhani nimenusa nikamficha.

DADA: Ndiyo.

FUNDI: Na hii simu—

DADA: Na hiyo simu.

[mtandao unakwaruza]

FUNDI: Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naamka asubuhi nafurahi.

DADA: Najua. Nisikilize sasa. Huo moshi uko wapi hasa?

FUNDI: Nimekwambia, upande wa ghalani.

DADA: Ghala lilishaungua. Huko kumebaki nini cha kuungua?

FUNDI: Ukuta. Na—

DADA: Fungua dirisha.

FUNDI: Nimefungua. Ni mweusi, mzito. Watu wanakimbia na ndoo. Dada, ni kibanda cha chai.

DADA: Mwenyewe huwa wapi saa hizi?

FUNDI: Huwa amejilaza ndani. Anapumzika kabla watu wa jioni hawajaja.

DADA: Labda leo katoka.

FUNDI: Labda.

DADA: Shemeji yuko wapi?

FUNDI: Alitoka baada ya kula. Kasema anakwenda kunyoa kwa ajili ya kesho.

DADA: Chukua ule mfuko na mkoba wako. Vaa viatu. Njoo huku kwangu sasa hivi.

FUNDI: Kesho nikisema ukweli, lazima niseme na la pua. Mbele ya wakwe zangu, mbele ya wateja wangu wote.

DADA: Utasema.

FUNDI: Watasema nimepangwa. Mwanamke gani anakaa na mume miaka yote hiyo hasikii hata harufu? Nani atakubali kuvaa nguo niliyoishona?

DADA: Mimi nitasimama niseme nimekugongea tangu una meno ya utotoni. Na koti lipo. Wao wana pua, watanusa wenyewe. Umevaa viatu?

FUNDI: Kimoja. Cha pili sikioni— Dada, geti limelia.

DADA: Ni yeye?

FUNDI: Hatua ni zake.

DADA: Mfuko uko wapi?

FUNDI: Mkononi. Nauweka chini ya cherehani, naufunika na suruali ya mlinzi.

DADA: Usikate simu. Ongea habari za nguo. Nikikuuliza jambo, gonga simu kwa ukucha, kama zamani. Mbili ni mbaya. Na kumbuka hili: petroli huwezi kuinusa, lakini ngozi inaijua. Ina ubaridi wake, na penye kidonda inachoma.

FUNDI: Karibu, mume wangu. [kimya] Mbona hujanyoa? [kimya] Wamejaa. Haya. [kimya] Dada huyu. Tunaongea mambo ya mishono tu. [kimya] Anataka kukusalimia, dada. Huyu hapa.

MUME: Shemeji. Habari za huko?

DADA: Nzuri, shemeji. Za kwenu?

MUME: Tupo, tunasukuma siku. Jumapili ulitukimbia.

DADA: Kichwa, shemeji. Kilinishika vibaya.

MUME: Pole sana. Nikasikia ulipekua kapu zima ukitafuta kitu cha kujifunika. Ulipata?

DADA: Sikupata. Nilirudisha vitu vyenu nikavumilia mvua.

MUME: Ungeniambia, ningekupa koti. Shemeji, mdogo wako ni mtu. Ana pua kali, ila anajua la kusema na la kunyamazia. Siku hizi mke wa namna hiyo humpati.

DADA: Ulioa vizuri.

MUME: Nilioa vizuri. Kesho njoo umsikilize. Akimaliza tutakula pamoja. Haya, mpokee mdogo wako.

FUNDI: Haloo, dada.

DADA: Uko sawa? Usijibu. Yuko karibu?

[tak, tak]

DADA: Amerudi na nini?

FUNDI: Ananipa shati nilifue, dada, limelowa. Nimelishika, na kile kidole nilichojichoma sindano kinawaka kama moto.

DADA: Mungu wangu.

FUNDI: Eti nini, mume wangu? [kimya] Koti? Koti gani? [kimya] Lile la zipu. Lile nililifua siku ile ile pamoja na shati. Likachuja, likawa baya, nikampa mzoa taka. [kimya] Siku ile ile, ndiyo. Kwani ulikuwa unalihitaji?

[mlio: salio linakaribia kwisha]

DADA: Umejibu vizuri. Endelea hivyo hivyo.

FUNDI: Dada, salio linaniishia. Yule mteja wa suruali, mwambie kesho nitampelekea mwenyewe, asubuhi mapema. Nguo zake zote nimeziweka kwenye mfuko mmoja. Mwambie sitazifua. Nitazileta kama zilivyo.

DADA: Nitamwambia. Nitakuwa pale mlangoni kabla hawajafungua. Lakini toka leo, mdogo wangu, usilale hapo. Sema naumwa, sema nakuita—

FUNDI: Nini, mume wangu? [kimya] Mazoezi ya kesho? [anacheka kidogo] Haya, niulize kama mpelelezi. [kimya] Hili shati? Nilinuse kwanza? Sawa. [ananusa] Jasho tu, afande.

[tak, tak]

DADA: Nimesikia. Nimekusikia, mdogo wangu.

FUNDI: [kimya] Uso? Uso wangu umefanya nini?

DADA: Umejikunja. Umegonga mara mbili, uso umejikunja wenyewe.

FUNDI: Sijakunja, mume wangu. Ni— ni huo moshi wa nje.

DADA: Nisikilize. Sikiliza mkono wangu.

[tak]

FUNDI: [kimya] Unaona? Natabasamu. [kimya] Mbona unafunga mlango, joto hili?

[mlio: salio limekwisha]

DADA: Haloo? Haloo, mdogo wangu? Imekatika.

[tak]

DADA: Tabasamu hivyo hivyo. Nakuja.

[tak]